Prosesa Iliyodanganya Umri

Fundi kompyuta waliyemwita Maridadi alinusa hela mara tu Mama Picha alipolalamika kuwa maharusi wanamkimbia. Mama huyo alihariri video za harusi katika chumba kimoja juu ya duka la vitambaa, na wateja wake walikuwa wanahamia kwa jirani, kisa jirani ana kompyuta ya Mac.

“Dada yangu, hilo nalo ni tatizo?” alisema Maridadi, tai imenyooka kama rula. “Nakuundia kompyuta inayotumia macOS ileile, mfumo unaoendesha hizo Mac, kwa nusu bei. Na prosesa, ubongo wenyewe, ya juzijuzi!”

“Isije ikanizimikia bwana harusi akivishwa pete.”

“Labda azimie bwana harusi mwenyewe.”

Kulikuwa na kikwazo. macOS haikuitambua prosesa mpya kiasi hicho. Ikiiona tu, inagoma kuwaka. Dawa yake ni uongo: unaandika kwenye faili ya mipangilio kwamba prosesa ni ya toleo la zamani, nayo macOS inaamini. Maridadi akaandika, mashine ikawaka.

“Mbona hapa inaonyesha prosesa ya zamani?” aliuliza Mama Picha, ambaye miwani yake haikuwa ya urembo.

“Inajitambulisha kwa jina la kaka yake ili ifunguliwe mlango. Hata uweke nini mle ndani, dada, skrini itasoma nilichoandika mimi.”

Wakacheka wote wawili. Alichomficha ni kwamba kila macOS ikijisasisha, mashine ingelala, na wa kuiamsha ni yeye tu, kwa malipo.

Ikalala kweli, bibi harusi yuko kitini akisubiri video yake. Maridadi akaja na pole nyingi na bei juu yake. Ikalala tena. Hatimaye Mama Picha akampigia: “Kaka, nimechoka. Ichukue, unirudishie hela yangu, hata ukikata kidogo.”

Maridadi nusura acheze. Kulikuwa na daktari wa meno aliyetaka mashine kama hiyo kwa bei maradufu! Akafika na uso wa msiba, akaiamsha, akatazama skrini: jina palepale alipoliacha. Akakata “kidogo” iliyoshiba, akalipa, akabeba boksi.

Daktari wa meno, mtu aliyezoea kuchungulia ndani kwanza, alitaka kuiona prosesa kwa macho yake. Maridadi akafungua kwa mbwembwe, akafuta krimu nyeupe ya kupozea iliyopakwa juu ya prosesa, akasoma. Ilikuwa ya zamani kweli, ileile iliyotajwa kwenye skrini. Mashine ilikuwa imeanza kusema ukweli. Daktari akafunga pochi.

Maridadi akapanda ngazi za Mama Picha mbilimbili. “Umenibadilishia prosesa!”

“Mimi?” Mama Picha hakuinua macho. “Si uliikagua mwenyewe? Skrini ilisemaje?”

Maridadi akafungua mdomo aseme kuwa skrini inadanganya. Ndipo akamwona, kwenye kochi, mama mmoja aliyekuja kuangalia video ya harusi ya binti yake.

“Kumbe wewe ndiye fundi wa hizi Mac za nusu bei?” yule mama aliuliza. “Mkwe wangu anataka moja.”

Mdomo ukajifunga wenyewe.

Chini ya meza kulikuwa na boksi jipya jeusi la kompyuta. Maridadi hakuhitaji kulifungua kujua prosesa ya nani imo humo.

“Hii yangu bado inagoma kuwaka,” alisema Mama Picha kwa sauti ya asali, akimvutia kiti. “Hebu ifundishe hilo jina, kaka. Na huko kujisasisha, ukuzime kabisa.”

Maridadi akamtazama mama wa kwenye kochi, akatabasamu kwa shida. Akavua koti, akakaa, akaanza kuandika. Bure.