Hesabu Zangu za Kupanda Kundi la Tatu

Jumapili, 14 Juni

Mashindano yanaanza kesho na koti nimeshalipiga pasi mara tatu. Nahodha wa timu ya taifa ya tenisi! Nahodha asiyecheza, ndiyo, lakini nahodha. Raketi sijawahi kuishika isipokuwa kumbebea shemeji, mume wa dada yangu, ambaye ndiye mchezaji wetu namba moja. Cheo nilikipata kwa sababu katika chama kizima ni mimi peke yangu niliyesoma kijitabu cha kanuni hadi ukurasa wa mwisho. Wengine wana mikono. Mimi nina kichwa.

Niandike mambo yalivyo, wajukuu wasije wakapotoshwa. Mashindano haya ya timu za wanaume ni ya dunia nzima, na yana ngazi. Juu kabisa wako wakubwa, wale wa kwenye televisheni. Chini yao dunia imegawanywa kanda, na kila kanda ina makundi: la Kwanza, la Pili, la Tatu, la Nne. Sisi tuko la Nne. Mwaka wa kumi na moja huu. Chini yetu ni sakafu.

Tumekuja timu nane, tumegawanywa mafungu mawili, A na B. Sisi tuko A. Mwishoni wa kwanza wa A atacheza na wa pili wa B, na wa kwanza wa B na wa pili wa A. Washindi wawili wanapanda Kundi la Tatu. Rahisi kabisa, kwa mwenye kichwa.

Mama Katibu wa chama kaniita pembeni. Kasema bila kupepesa macho kwamba tusipopanda safari hii, kiti cha nahodha anapewa Kinyozi. Kinyozi! Aliwahi kuichezea timu zamani, sawa, lakini kanuni hajui hata moja. Shemeji naye kasema ana miaka thelathini na saba na magoti ya miaka sitini. Anachotaka ni kucheza Kundi la Tatu mara moja tu kabla hajastaafu. Nikamwambia aniachie mimi. Akanipa mfuko wa raketi nimbebee.

Jumatatu, 15 Juni

Tatu bila! Shemeji kashinda mchezo wake, Fundi Bomba kashinda wake (ni fundi bomba kweli, na ndiye namba mbili wetu), halafu wakacheza wawili wawili wakashinda tena. Mchango wangu: taulo, maji na ushauri. Shemeji kaomba ushauri niupunguze.

Kinyozi alikaa jukwaani nyuma yangu. Kila nikisimama, anauliza kwa sauti kama mheshimiwa anahitaji kitu. Nilimpuuza, ila shingo ilinisaliti ikageuka mara mbili.

Jumanne, 16 Juni

Mbili kwa moja. Tumeshinda tena! Alhamisi asubuhi tunakutana na Wapole, timu isiyosema hata habari za asubuhi. Nao wameshinda mara mbili. Atakayeshinda ndiye wa kwanza wa A.

Nimekwenda kuwatazama wa fungu B. Kuna timu moja nimeiita Warefu. Mchezaji wao mkuu akianzisha mpira, unashuka kama umetupwa kutoka ghorofani. Nao hawajafungwa. Mchezo wao wa mwisho ni Alhamisi mchana, baada ya wetu. Tukikutana na hawa, kiti kwaheri.

Jumatano, 17 Juni

Siku ya mapumziko kwa wengine. Mimi nimefanya kazi. Nimejibanza nyuma ya mashine ya soda hotelini kwa saa nzima, na nimeona nilichokiona: mkuu wa Warefu kanyoosha miguu juu ya kiti, magoti yote mawili yamefungwa barafu, uso kama wa mfiwa. Kaumia! Kwisha habari yake kesho!

Basi nikapiga hesabu. Bila yeye, Warefu watafungwa kesho na watakuwa wa pili wa B, halafu Jumamosi, kwenye michezo ya kupanda, atarudi amepona. Wa pili wa B anakutana na wa kwanza wa A. Kwa hiyo sisi tusiwe wa kwanza. Tuwe wa pili! Tufungwe na Wapole kesho asubuhi, kwa heshima, halafu Wapole wavunjwe meno na Warefu huku sisi tunapanda kwa kuwafunga vibonde watakaoongoza B.

Nilimwonyesha Mwalimu, mchezaji wetu wa akiba, anafundisha hesabu sekondari. Kasema hesabu haina kosa. Akauliza nani kaniambia yule mtu kaumia. Nikamjibu nimeona kwa macho yangu haya. Nikamwapisha asimwambie mtu.

Alhamisi, 18 Juni

Siku ndefu!

Asubuhi nikapeleka majina kwa mwamuzi. Shemeji hayumo, yumo Mwalimu. Shemeji kauliza kulikoni. Nikasema nayapumzisha magoti yake. Kasema magoti yameamka salama. Nikasema nahodha ni mimi. Akakaa chini, raketi mapajani, hakunitazama tena.

Mwalimu alianza. Ili mambo yaende haraka, nikamshauri apige mipira yote upande wa kulia wa mpinzani, ambako ndiko hatari. Loo! Leo huo mkono wa kulia umegoma kazi. Mwalimu kashinda! Mara ya kwanza katika maisha yake! Akanikumbatia, jasho lote kwenye koti langu, akasema mimi ni mtaalamu.

Bahati nzuri Fundi Bomba akafungwa bila msaada wangu. Ikabaki ya wawili wawili. Nikawashauri wapige juu, juu kabisa, mpira uwape Wapole nafasi ya kupiga vizuri. Jua likawaingia Wapole machoni. Tano kwa nne, tunaongoza, seti ya tatu! Kijasho chembamba! Wakati wa kubadilisha upande nikawasomea kanuni za mchezo wa wawili, kifungu cha kwanza hadi cha tisa, taratibu. Waliporudi uwanjani walikuwa wakitazamana kama watu waliosahau walichofuata jikoni. Wakafungwa saba kwa tano. Nikashika kichwa kwa huzuni. Moyoni ilikuwa harusi.

Mchana nikaketi na soda kuwaona Warefu wakizama. Yule mkuu akaingia. Anaruka kama mbuzi! Wamemaliza tatu bila, wa kwanza wa B. Na sisi ndio wa pili wa A.

Nikamsogelea shemeji, nikamuuliza kwa sauti ndogo kuhusu barafu magotini. Kasema kila mchezaji huweka, mzima na mgonjwa, hasa siku ya mapumziko. Kasema tangu amwoe dada yangu nafungua friji lao nikiuliza barafu yote imeenda wapi, na sijawahi kusubiri jibu. Halafu akaniuliza kwa nini nimetaka kujua. Mwalimu akakohoa. Kikohozi kile kilimweleza yote.

Jumamosi, 20 Juni

Warefu michezo miwili, sisi mmoja.

Huo mmoja ni wa shemeji. Mchezo wa saa tatu na dakika kumi! Alimfunga yule mkuu wao, mguu mmoja ukimkaza misuli, na uwanja mzima ulisimama, Kinyozi akipiga kelele hadi sauti ikamkauka. Lakini Fundi Bomba alishafungwa, na kwenye wawili wawili shemeji hakuweza tena kukimbia. Kiwanja cha pili Wapole wakapanda Kundi la Tatu. Kumbe wanajua kuimba.

Shemeji akakaa na taulo kichwani. Nilitaka kumwomba radhi, ikatoka kumuuliza kama anataka maji. Kasema kufungwa na Warefu hakumuumi, wamecheza. Kinachomuuma ni Alhamisi, mzima wa afya, kukalishwa na mtu wa nyumbani kwake. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Mama Katibu hakunisubiri nifike ofisini. Beji ya nahodha aliichukulia pale pale langoni.

Jumanne, 23 Juni

Nimekwenda kunyolewa kwa Kinyozi. Si kwa unyonge, nywele zilishafika masikioni. Alinipokea vizuri, akanifunga shuka shingoni, akasema yaliyopita si ndwele. Akanipa habari: shemeji kakubali kucheza mwaka mmoja zaidi, chini yake. Nilifurahi kwa kweli. Machozi yalinilenga.

Alipomaliza upande wa kushoto, nikaona ni wakati wa kumsaidia, maana masikini kanuni hajui. Nikamweleza kwamba kosa letu halikuwa kufungwa, lilikuwa kuchelewa kufungwa. Mwakani tufungwe Jumatatu, mapema, wote watudharau, halafu tuibuke. Shemeji apumzishwe siku hiyo, ila asiambiwe.

Kinyozi akazima mashine. Kasema akili ni nywele, na zangu zilizobaki anaogopa kuzigusa. Akafungua shuka, akaita mteja mwingine.

Nimerudi nyumbani na kofia. Kesho nitakwenda tena anyoe upande wa kulia, na hesabu nimemwandikia kwenye karatasi mbili, kwa sababu nadhani kwa mdomo hakunielewa.