Shingo Yangu na Madaktari Wasiotaka Kugombana

Montevideo, wiki ya pili ya kanivali

Ndugu Mkurugenzi wa Hospitali,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, mishipa yako yote ikiwa wazi. Wangu mmoja, ule mkubwa wa shingoni upande wa kushoto, umezibwa na mafuta hata damu inapita kwa kubembeleza. Mwezi uliopita, tukiwa mazoezini, jicho langu la kushoto lilizimika, likarudi kabla ya kiitikio. Madaktari wako wakasema hiyo ilikuwa hodi ya kiharusi. Hilo silibishi.

Mimi ni Edison Fagúndez, tarishi mstaafu, umri sabini na tatu, na ndimi sauti ya juu ya Waliokosa Basi, murga yetu, yaani kikundi cha waimbaji wa kanivali. Tunapaka nyuso rangi na kuwasema wakubwa kwa nyimbo, kwa hiyo kulalamika nimekuzoea. Naomba unisikilize kwa utaratibu.

1. Daktari Graciela Etcheverry anataka kunipasua shingo, aufungue mshipa na kuyakwangua mafuta. Daktari Tourn anataka kuingiza waya mwembamba kupitia kinenani, aupandishe hadi shingoni, aache humo mrija mdogo wa wavu wa kuutanua mshipa. Ugonjwa uko juu, yeye anaanzia chini. Nilimuuliza kama kapotea njia. Akacheka, jambo ambalo halikunituliza.

2. Hawagombani. Ndugu Mkurugenzi, hapa kwetu watu wawili hawawezi kutofautiana juu ya chumvi ya nyama ya kuchoma bila kununiana hadi Pasaka. Nilitegemea Daktari Etcheverry amponde mwenzake. Badala yake akaniambia, "Tourn ni fundi kweli, mzee Edison. Na kisu changu kina yake: moyo unaweza kusumbuka, na kuna mshipa wa fahamu hapa shingoni ambao ukiguswa sauti hukwaruza. Mara nyingi hurudi." Nikamwendea Tourn. Naye: "Kwa miaka mingi mbele tunalingana. Ila kwa umri wako, waya wangu una hatari zaidi kidogo ya kuleta kiharusi siku ileile. Shingo hiyo ningempa Graciela." Muuza samaki anayesifu samaki wa jirani, wewe ungenunua kwake?

3. Kwa kuwa wataalamu walishindwa kuchukiana, nilipeleka suala kwa wanaojua kuhukumu, yaani umma. Jumamosi, jukwaani mtaani kwetu, murga iliimba beti mbili, ubeti wa kisu na ubeti wa waya, na makofi yaamue. Waya ulishinda kwa mbali. Watu walisimama juu ya viti. Wako wanaosema ubeti wa waya niliuimba mimi, na wa kisu alipewa mwenzetu Walter mwenye mafua. Huo ni wivu. Nilipompelekea Daktari Tourn matokeo, alinitazama kwa upole akasema, "Mzee wangu, makofi si kipimo cha mshipa." Naomba apewe onyo kwa kudharau mtaa mzima.

4. Hospitali yako imenigeuzia mke. Nibia aliingia chumba cha daktari akiwa upande wangu, akatoka akiwa upande wa kisu. Tangu hapo hanipi nafasi. "Wewe huogopi kufa, unaogopa kukwaruza," ananiambia mbele ya wageni. "Waliokosa Basi watapata sauti nyingine. Mimi mume mwingine sitafuti." Ni kweli naogopa. Nimeimba tangu nina miaka kumi na sita, na bila sauti ile sijui ni nani atakayerudi nyumbani kutoka kwako. Lakini mambo ya namna hiyo hayasemwi mbele ya wageni. Naomba azuiwe getini.

5. Hivyo basi nadai yafuatayo. Madaktari hao wawili wagombane hadharani, kila mmoja na mashabiki wake na ngoma. Yule atakayeshinda asiniguse mpaka fainali ya mashindano ya kanivali ipite. Na kwa muda huo hospitali iuandikie mshipa wangu likizo rasmi, yenye mhuri, ili usilete hodi nyingine bila idhini.

Wasalimie wauguzi wote, mama wa dirishani anayeniita kijana, na yule mlinzi, ingawa tunajua anashabikia timu gani.

Wako katika kudai haki,
Edison Fagúndez

Nyongeza: Mwandiko huu ni wa Nibia, mimi namtajia maneno. Nilipomaliza kutia sahihi kalamu iliniponyoka na mkono wa kulia ukakataa kuiokota. Nikataka kumwita aje, nikalikosa jina lake. Nililitafuta kila mahali, Ndugu Mkurugenzi, naye amesimama mbele yangu ameshika taulo, ananiuliza, "Edi, nini? Edi?" Limerudi sasa, na mkono umerudi. Yasahau ya kwanza hadi ya tano. Mwambie Daktari Etcheverry aandae kisu, na kama hayupo, Daktari Tourn na waya wake, yeyote atakayewahi. Sauti waichukue. Ningeongeza mengine, lakini teksi iko mlangoni, na Nibia anasema haandiki tena neno hata moja mpaka nivae viatu.