Chujio Ulilonichagulia Limekula Samaki Watano

Shemeji yangu mheshimiwa, mwenye duka la samaki wa mapambo,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo, isipokuwa samaki. Nakuandikia kwa heshima zote, ingawa dada yako anadai kalamu yangu inatoboa karatasi kwa hasira. Ni kweli, maji yamenifika shingoni.

Mjukuu wangu aliniachia tangi lake la kioo, lenye mimea na samaki saba, nimtunzie hadi Jumamosi. Ukanichagulia chujio la sponji, ukaapa kwamba kwa tangi la mimea hakuna jingine linalofaa. Malalamiko yangu ni haya:

1. Chujio lako ni chafu. Mimi ni afisa afya mstaafu. Nimekagua machinjio na majiko ya hoteli miaka thelathini, utelezi naujua. Kila baada ya siku mbili sponji inashika utelezi wa kahawia. Naifua kwa sabuni ya unga, naisuuza kwa maji ya moto, naianika juani. Ya kwanza ilikataa kutakata, nikaitupa. Hii ya pili inatakata, ila maji ya tangi yamekuwa kama yaliyooshewa mchele.

2. Mimea inapungua. Jumatatu ya wiki iliyopita niliacha mashina tisa, leo yako manne. Sijaona hata jani likielea.

3. Hili naliandika kwa uchungu. Samaki wamebaki wawili. Watano wametoweka bila maiti, na humo tangini hakuna wa kushukiwa ila chujio lako. Nimelipasua kwa wembe kutafuta mifupa. Sikuona hata mmoja, maana yake linasaga vizuri sana.

4. Kwa hiyo nataka chujio lisiloshika uchafu kabisa. La sivyo, uje mwenyewe Jumamosi umweleze mtoto wa miaka sita mashine yako inakula nini. Mimi siwezi. Yule mtoto ananiamini.

Nisalimie mkeo, watoto, na wateja wako kabla hawajanunua.

Ni mimi shemejio mwenye majonzi,
Afisa Afya (Mstaafu)

N.B. Nilipoingia jikoni kutafuta bahasha nilikuta ndoo nyuma ya mlango. Mna samaki watano wanene, mashina matano yenye machipukizi, na ile sponji niliyoitupa, ikitoa mapovu ya hewa, na utelezi wake wote. Kumbe kila nikienda kufua, dada yako anahamisha samaki mmoja na shina moja. Nilipomuuliza, hakuinua hata kichwa. "Huo utelezi ndio unaosafisha maji, mzee," akasema. "Na hao wawili nitawatoa ukienda posta."

Ndiyo maana barua hii naipeleka hivyohivyo, na nitapita njia ya mbali.