Kokushubila Alivyolishinda Tangi Linalovuja

Sogeeni, enyi watu wa Pugu, nanyi wa Buguruni mlioziacha nyanya zenu mezani. Kaeni mkao wa kusikia, maana nawasimulia vita visivyomwaga damu ila unga wa chaki, na jina la aliyevishinda ni Kokushubila binti Leodegar, mwanafunzi wa darasa la saba, mpole wa sauti, mwenye kalamu isiyotetereka.

Ilikuwa Jumanne, saa nne kasoro robo asubuhi. Uji wa mapumziko ulikuwa umekwisha kuiva, na harufu yake ilipenya madirishani ikazilegeza nyoyo za wanafunzi arobaini na wanane. Hapo ndipo Mwalimu Adelard, jemadari wa hisabati, awekaye chaki mbili mfukoni ili moja ikivunjika vita visisimame, alipougeukia ubao na kuandika:

"Bomba la kwanza hujaza tangi kwa saa 4. Bomba la pili hulijaza kwa saa 6. Tundu lililo chini hulimaliza tangi lililojaa kwa saa 12. Mabomba yote mawili yakifunguliwa pamoja, na tundu likiwa wazi, tangi tupu litajaa baada ya saa ngapi?"

Akaweka chaki chini kama mtu awekaye upanga.

"Sikieni, enyi taifa la kesho! Swali hili limewaangusha waliowatangulia miaka mitatu mfululizo. Hatoki mtu humu, wala hanywi mtu uji, mpaka lianguke lenyewe."

Kilio kikapanda hadi kwenye bati. Nje, watoto wa darasa la sita walikuwa wakipita na vikombe vyao, wakivigonga kwa makusudi.

Wa kwanza kuinuka alikuwa Badru, bingwa wa darasa, mwepesi wa kunyoosha kidole, ambaye hajawahi kungoja swali liishe kusomwa.

"Mwalimu, hii ishu ndogo. Saa mbili na dakika ishirini na nne!"

Darasa likalipuka kwa shangwe. Wengine wakatoa vikombe mikobani.

"Badru," akasema Mwalimu kwa huzuni kuu, "umepiga kwa nguvu zote, nawe umepiga hewa. Keti."

Akaja Benson, akajumlisha kila namba aliyoiona, akapata saa ishirini na mbili. Akaja Lusungu, akatangaza kwamba tangi la namna hiyo halijazwi, huitiwa fundi. Wote wakaanguka, na kule jikoni kata ikasikika ikikwangua sufuria.

Lakini dawati la nne, karibu na ukuta, Kokushubila alikuwa amefunika daftari kwa kiwiko. Jibu alikuwa nalo. Alichokosa ni kinywa. Alikuwa amehamia kutoka Bukoba mwezi wa kwanza, na katika wiki yake ya pili aliambiwa asome sehemu ubaoni, akatamka "seluthi" badala ya theluthi. Walimcheka siku tatu. Tangu hapo mkono wake haukupanda tena juu ya bega.

Loveness, jirani yake wa dawati, akachungulia chini ya kiwiko.

"We Koku, si umeshapata? Nyoosha mkono bwana, uji unaisha!"

"Watanicheka."

"Si wacheke! Wakicheka huku wanakunywa uji, mie sioni tatizo."

Basi Kokushubila akasimama. Hatua tisa zilikuwapo kati ya dawati na ubao, na kila moja ilikuwa ndefu kama safari ya kurudi Bukoba kwa miguu. Akaishika chaki, akawageukia wenzake.

"Mwalimu, na nyie wenzangu, Badru hajakosea kujaza. Amesahau kuvuja. Kwetu tuna tangi lenye ufa, kila asubuhi naliziba kwa sabuni ya mche. Mie nalijua. Bomba likiwa linajaza, tundu halisubiri zamu yake."

Akaugeukia ubao.

"Kwa saa moja, bomba la kwanza linajaza robo. La pili, moja ya sita. Tundu linakunywa moja ya kumi na mbili." Akaandika kumi na mbili chini ya mstari, juu yake tatu, akajumlisha mbili, akatoa moja. "Tunabaki na nne ya kumi na mbili. Ukirahisisha unapata..."

Akaganda. Neno lenyewe lilikuwa limesimama mbele yake, meno nje. Akavuta pumzi, akaliingia kifua wazi.

"Unapata seluthi moja!"

Hakucheka mtu. Badru alikuwa ameinuka nusu, macho ubaoni, midomo ikichezacheza.

"Seluthi moja kwa saa," akanong'ona, bila kujisikia. "Seluthi tatu ndo tangi zima... Jamani, saa tatu! Ni saa tatu!"

"Saa tatu!" akanguruma Mwalimu Adelard, mikono juu. "Enyi vizazi vijavyo, shuhudieni..."

Lakini vizazi vilikuwa vimekwisha kutoka kwa mlango na kwa madirisha. Kokushubila alifika jikoni akiwa amebebwa juujuu, akapata kikombe cha mwisho, uji mzito wenye mabonge, akaunywa wote.

Na imeandikwa kwamba Mwalimu Adelard aliuzungushia ushindi ule mstari wa chaki, akaandika pembeni USIFUTE. Saa tano akaingia Mwalimu Editha wa Kiswahili, akausoma ubao kutoka juu hadi chini, akairudisha dasta mezani. Na ngeli zote za siku ile akazifundisha kwenye kona ya chini, mahali pa kutosha kiganja kimoja, akiwa amechuchumaa.