Kisanduku Kilichoniaibisha Mbele ya Watu wa Kasuku

Kwa Papa Rémy, Prezida wa Kamati ya Mbio za Pikipiki, mtaa wa Kasuku, Kindu.

Mheshimiwa Prezida,

Nakuamkia kwa heshima, ingawa tangu Jumapili sijaonekana barabarani. Mimi ni Gédéon, motari niliyeendesha pikipiki miaka thelathini. Nalalamikia kisanduku cha umeme mlichonifungia siku ya mbio, pamoja na kapteri zake, vile vijidude vinavyopima mwendo, breki na joto la injini.

1. Kilizima injini yangu kwenye kona, eti nimeinama mno. Nilikuwa namkwepa bata. Je, kamati ina kapteri ya bata?

2. Karatasi yake, mliyoisoma kwa kipaza sauti, ilisema sikupita kilometa thelathini na nane kwa saa, tena nilisimama dakika kumi na moja kwa Mama Yvette, muuza mikate. Nilisimama kumsalimu. Kumpita mtu mzima bila salamu ni tabia ya mashine.

3. Hapa ndipo penye kidonda. Mwaka 1999, vita vimepamba moto, nilimbeba mke wangu Odette kutoka Kalima, uchungu umemshika, barabara imejaa askari na matope. Sikuwa na kapteri: injini niliisikiliza kwa sikio, Odette kwa mgongo. Miaka yote nimesimulia kwamba tuliwahi hospitali ya Kindu. Sasa binti yetu Princesse, aliposikia ile thelathini na nane, akasema mbele ya watu: "Papa, na huu mwendo, mimi ningezaliwa njiani!" Mama yake akajibu: "Kwani ulizaliwa wapi? Njo kule njiani ulizaliwa, kwenye majani, baba yako analia kukushinda."

Watu walicheka. Princesse hakucheka. Alinishika mkono mpaka nyumbani.

4. Kwa hiyo naomba kisanduku kiombe msamaha kwa maandishi. Kamati nayo itamke kwamba Princesse alizaliwa Kindu, kama hati yake inavyosema. Ikishindikana, mpaka wa mji usogezwe hadi kwenye yale majani.

Nisalimie mkeo Mama Anne, watoto, na wanakamati wote, hata yule aliyeshika kipaza sauti.

Ni mimi, ambaye bado nakuheshimu,
Gédéon

N.B. Fundi Henri, aliyetufungia visanduku, amefika sasa hivi. Karatasi zilichanganywa: mliyoisoma ni ya Donatien, mshindani mwenzangu. Yangu inaonyesha kilometa ishirini na mbili, na dakika arobaini kwa Mama Yvette. Naondoa malalamiko yote. Kisanduku ni kizuri sana, na matokeo yabaki kama yalivyosomwa.