Malalamiko ya Baba wa Kambo Kuhusu Rafu ya Vitabu vya Mauaji

Ndugu Mkutubi wa Shule,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na rafu zako zote. Mimi ni mchonga funguo, nina kibanda cha kijani karibu na kituo cha basi. Mwaka jana nilimwoa mama wa yule msichana wa kidato cha pili mwenye miwani, anayeazima kwako riwaya za mauaji mbili mbili. Naandika kwa heshima zote, ila nimechoka.

1. Riwaya hizo nimezisoma sita, nisije nikaonekana mzushi. Katika nne, muuaji ni baba wa kambo. Katika ya tano, ni fundi aliyechonga ufunguo wa pili. Ya sita sijaimaliza, lakini kuna baba wa kambo ameanza kutabasamu tangu ukurasa wa kumi, na nishajua yanakoelekea. Jamani, hata mtu kutabasamu nyumbani kwake ni kosa?

2. Binti sasa ana daftari. Juu imeandikwa "Mtuhumiwa", chini yake ni mimi. Ameandika saa ninayotoka na saa ninayorudi. Nikisema nilikuwa kazini, anataka shahidi. Nikamtaja muuza magazeti, jirani yangu wa kibanda. Akaenda kumhoji! Muuza magazeti, bila haya, akakumbuka kwamba saa sita mchana sikuwepo. Nilikuwa msalani, Ndugu Mkutubi. Hilo nalo limeingia daftarini.

3. Maiti yenyewe hakuna. Nimemweleza mara tatu kwamba nyumbani tuko watatu na wote tunapumua. Anasema ni mapema mno kufunga jalada.

4. Hili ndilo linaloniuma. Nilimchongea ufunguo wa chumba chake, nikamkabidhi mbele ya mama yake, nikatamka kwa kujidai kwamba uko huo mmoja tu duniani. Sasa sisi mafundi mkono umeshazoea: ukichonga mmoja, unachonga na wa akiba, maana wateja hupoteza. Sikuwaza lolote baya. Binti akaukuta wa akiba kwenye mfuko wa koti langu. Nilitoka jasho kama nimeua kweli! Tangu siku hiyo anaegemeza kiti mlangoni akilala, na mimi naitwa "yule bwana". Nilikuwa nimekaribia kuitwa Baba, wallahi, ilibaki kidogo tu.

5. Kwa hiyo naomba riwaya zote zenye baba wa kambo ziondolewe. Ikishindikana, zigongwe muhuri mwekundu usemao "Si Wote". Na hilo likishindikana, basi waandishi waziandike upya, na muuaji awe mkutubi. Usikasirike, nataka tu nawe uonje kidogo.

Nisalimie mwalimu mkuu, walimu wote, mlinzi wa getini na yeyote aliyewahi kusingiziwa.

Wako mtiifu, asiye na hatia hadi wakati wa kuandika,
Mchonga Funguo

Nyongeza: Barua hii imelala kwenye droo siku tatu kwa kukosa bahasha, na mambo yamebadilika. Binti amepitia ushahidi upya, akanifuta. Kasema mtu aliyeshindwa kuficha ufunguo hawezi kuficha maiti. Nilifurahi, nikanunua soda, tukanywa. Lakini tangu hapo haniulizi kitu. Jana nimechelewa saa nzima makusudi, nikaingia kwa mlango wa nyuma kwa kunyata. Hakuinua hata macho. Sasa mtuhumiwa ni mjomba wake. Jumapili nzima kakaa ubavuni pake, anamuuliza amekulia wapi, anapenda nini, anaogopa nini. Na mjomba mwenyewe hata kuku hawezi kumchinja! Tafadhali sana, usiondoe hata kitabu kimoja. Mwazime upesi kingine, kirefu kuliko vyote ulivyonavyo, ambacho baba wa kambo ana hatia tangu kwenye jalada.