Shemeji, Njoo Uchukue Baiskeli ya Nasike

Bokoli,
Alhamisi, siku ya soko.

Kwa shemeji yangu mpendwa Bilha,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo, na mahindi yamefika magotini. Naandika mimi Absalom, mume wa mdogo wako Nasike, kwa heshima na masikitiko. Naomba utoke huko Tuwan, Kitale, uje uchukue ile baiskeli uliyomletea Krismasi, pamoja na helmeti, kioo cha kuona nyuma, jaketi ya kung'aa na mafunzo yote ya usalama uliyompa. Sababu zangu ni hizi:

1. Jina langu limepotea. Nimeendesha baiskeli kwenye barabara ya Webuye–Kitale miaka thelathini na moja, bila taa, bila breki ya nyuma, na watu wote walinijua kama Absalom fundi seremala. Siku hizi madereva wa trela wanampungia Nasike mkono, halafu mimi wananiuliza, "Ati wewe ndiye bwana wa yule mama wa jaketi?"

2. Tunachelewa. Akiona lori kwenye kioo chake anashuka, anasimama kwenye nyasi, anangoja lipite. Safari yangu ya nusu saa hadi soko la Misikhu sasa ni saa nzima. Kufika tunafika, shemeji, sikatai.

3. Ugonjwa huu unaambukiza. Jumapili kanisani, nikitembea kwenda kutoa sadaka, nilinyoosha mkono wa kushoto kabla ya kukata kona, kama Nasike barabarani. Mchungaji akadhani nina ushuhuda. Nikapewa maikrofoni.

4. Hili ndilo kubwa. Jumanne nilikuwa mbele, yeye nyuma. Nikamsikia akipiga kelele, "Baba Kevin, toka barabarani! Trela!" Nikamuuliza, "Iko wapi?" Kabla hajajibu, trela ilipita na upepo wake, ukanirusha na baiskeli yangu hadi kwenye miwa ya watu. Nasike alikuwa ameshuka zamani, jaketi haina hata vumbi. Shemeji, mwanamke mwingine angesema, "Si nilikuambia?" nami ningepata la kujibu. Yeye alipiga magoti akaniuliza taratibu, "Umeumia wapi?" Mbele ya wakata miwa wote! Mguu umepona. Hilo swali bado linaniuma.

Ikiwa huwezi kuichukua baiskeli, basi naomba umshauri apunguze usalama kidogo, walau siku za soko, ili mume wake naye aonekane anajua barabara.

Msalimie mumeo Bwana Mbogo, watoto, na majirani wote wa hapo Tuwan ambao hawajanunuliwa helmeti.

Ni mimi shemeji yako ninayekuheshimu, pamoja na hayo yote,
Absalom.

Nyongeza: Nimeandika haya tangu saa sita, Nasike akiwa ameenda sokoni peke yake. Alisema atarudi saa tisa. Saa kumi nilienda barabarani kuangalia, nikarudi. Nikaenda tena. Kufikia saa kumi na moja nilikuwa nimesimama kwenye kona nikiwamulika madereva wa malori kwa tochi, jua likiwaka, wapunguze mwendo. Wengine walinitukana. Amefika sasa hivi, mzima. Ilikuwa pancha tu. Nimemwambia nilitoka kutafuta mbuzi, na sisi hatuna mbuzi.

Usichukue chochote. Njoo unifundishe na mimi. Yeye mwambie umekuja kusalimia tu.